Sabuni ya Uso ya Mama Izere

Ngozi ya Béatha haikuwahi kumpa raha. Tangu usichana wake sabuni ya kufulia ilimtoa vipele, sabuni ya manukato ilimvimbisha macho, na hata yale mafuta ya mgando ambayo wenzake walijipaka huku wakiimba, yeye yalimfanya ajikune kama mtu aliyelalia upupu. Alipofika Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, mambo yalizidi. Mwezi wa nane upepo unapoanza, vumbi la huko huingia mpaka ndani ya sufuria lililofunikwa, sembuse usoni mwa mtu anayekaa kutwa barazani akikanyaga cherehani.

Siku moja muuguzi wa zahanati alimhurumia, akampa chupa ndogo ya sabuni ya uso ya maji.

"Hii haina harufu wala rangi, na haitoi povu jingi," alimwambia. "Osha asubuhi na jioni basi, kwa maji ya baridi. Usisugue. Ukimaliza, gusagusa na kitambaa safi, usifute. Na sabuni ya kipande uso wako usiione tena."

Béatha alifuata kila neno. Kwa miezi mitatu uso ulitulia kama mtoto aliyeshiba. Binti yake Izere alimwambia kwamba siku hizi anaonekana kama amelala vizuri, na kweli alikuwa analala vizuri, maana kujikuna ndiko kulikokuwa kukimwamsha. Alimshukuru Mungu kwa chupa ile kama wengine wanavyomshukuru kwa nyumba.

Kisha chupa ikaisha, na muuguzi akawa amehamishwa.

Sabuni ya namna ile ilipatikana kwenye maduka ya dawa Lilongwe tu. Lakini mkimbizi hatoki kambini kwa sababu ameamka na hamu ya kutoka, anahitaji kibali. Ndiyo maana mtu akipata kibali, majirani humletea vyombo vitupu: kopo la dawa ya mende, kizibo cha mafuta ya nywele, pakiti ya chachu, ili dukani asikosee. Wenyewe huviita eshantiyo. Msafiri huondoka na mfuko unaogongana kama wa mwokota chupa, na jioni hurudi na vilivyojaa.

Mwezi ule aliyekuwa na kibali alikuwa Régine, mfanyabiashara wa vitambaa, mama wa Cadeau. Béatha aliona Mungu mwenyewe amepanga. Régine hakuwa jirani tu. Yeye alitoka Fizi, Kongo, naye Béatha Rwanda kupitia hukohuko Kongo, lakini walifika kambini juma moja na kulala mkeka mmoja kwenye jengo la wageni, watoto wao katikati. Tangu hapo ilikuwa miaka kumi na miwili. Kila Jumatano walifunga pamoja, na saa kumi jioni walifungua kwa uji wa sufuria moja. Béatha alikuwa kiongozi wa maombi wa akina mama kanisani. Régine alikuwa mwandishi wao.

Kabla ya kumpa chupa tupu, Béatha alichora msalaba mdogo chini yake kwa ncha ya sindano. Kila kitu kilichotoka nyumbani kwake alikifanyia hivyo, kwa baraka, na pia kisichanganyike na vya wengine.

Régine alirudi siku ya pili yake, jua likiwa bado juu. Alikuwa ameshika kiuno, akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo, ambacho "ndiyo" huwa "njo":

"Mama Izere, njo hii! Nimetembea mpaka miguu imekuwa ya mutu mwengine."

Béatha alifungua kizibo. Ndani mlikuwa na kitu cheupe kama maziwa, chenye harufu ya maua kwa mbali.

"Mama Cadeau, ile ya kwanza si ilikuwa kama maji?"

"Banabadilisha! Ule wa farmasi ameniambia ya zamani haitoke tena. Njo ya sasa hii." Régine akacheka. "We unataka sabuni ao unataka maji? Maji iko pale kwenye bomba, ya bure."

Béatha naye akacheka. Kisha Régine akaishika chupa kwa mikono miwili, akafumba macho. "Tuiombee," alisema, akaiombea kwa sauti nzuri ile ambayo kanisa zima liliipenda, kwamba Bwana aguse ngozi ya dada yake. Béatha alisema amina mara tatu.

Asubuhi aliponawa, uso uliwaka moto. Alijaza maji ndooni, akatumbukiza kichwa chote, akahesabu pumzi mpaka ukapoa. Jumatano, walipokuwa wamepiga magoti, alimwambia mwenzake.

"Inachoma? Basi inafanya kazi," Régine alisema. "Dawa yenye haichome ni dawa gani? Tuliomba, ao hatukuomba?"

Hapo ndipo Béatha alipokosea, na alikosea kwa sababu ya kile alichokuwa hodari nacho. Mtu aliyezoea kufunga siku tatu bila maji haogopi kuungua kidogo. Alijiambia kwamba maumivu haya ni sehemu ya uponyaji, na kwamba akiacha sasa ataonekana hakuamini maombi yaliyofanyika juu ya ile chupa. Akanawa asubuhi na jioni, wiki tatu, akiuma meno.

Mashavu yalianza kung'aa. Kisha paji la uso. Kisha ngozi ikaanza kubanduka pembeni ya pua, na chini ya macho pakabaki duara jeusi. Masikio na shingo vilibaki na rangi yake ya siku zote, hata ikawa kana kwamba kichwa cha mtu mmoja kimewekwa juu ya mabega ya mwingine.

Kwenye bomba la maji Mama Carelle, mwanamke mwenye mdomo usiokaa kimya, alikuwa wa kwanza kusema.

"Eh, Mama Izere! Ukipita kwetu magaribi, sitawasha taa!"

Wanawake waliangua kicheko. Mmoja akaongeza, "Uso ya Ulaya, masikio ya Kigali!"

Béatha alibeba ndoo yake akaondoka. Kicheko chenyewe hakikumuuma sana. Lililomuuma ni neno lililokuwa nyuma yake, neno ambalo hakuna aliyelitamka bado: mkorogo.

Kanisani kwao, mama aliyegundulika anajichubua ngozi kwa mkorogo huwekwa pembeni. Hashiki tena maombi, hasimami mbele ya watu, mpaka akiri. Si sheria iliyoandikwa ukutani, lakini kila mmoja anaijua. Béatha mwenyewe alikuwa ameisimamia kwa wengine wawili, akalia nao, akawarudisha kwa furaha walipokiri. Sasa yeye angekiri nini?

Aliitwa Jumapili baada ya ibada. Walikuwa akina mama saba, na Pasta Sindayigaya, Mrundi mpole aliyekuwa akikohoa kila kabla ya neno zito. Akakohoa.

"Mama Izere, hatukuhukumu. Tunaona tu uso. Unajipaka nini?"

"Pasta, mbele ya Mungu, sijipaki kitu. Nanawa na sabuni niliyoandikiwa na muuguzi. Ni hiyo tu. Mama Cadeau ndiye aliyeniletea kutoka farmasi, muulizeni."

Alimgeukia Régine kwa amani kabisa, kama mtu anayeegemea ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Régine alikuwa na daftari la mwandishi magotini. Alilifunga, akalifungua, akalifunga tena.

"Mi nilimuletea sabuni ya farmasi," alisema polepole. "Hiyo niko shahidi. Lakini kama kuna kitu kingine anapaka, mi siwezi kujua ya ndani ya nyumba yake."

Mama Carelle alivuta pumzi puani. Pasta akakohoa tena, akasema ni vizuri Mama Izere apumzike kidogo na uongozi wa maombi, mpaka moyo wake utakapokuwa tayari.

Usiku Izere alikasirika, akasema maneno ambayo mtoto hapaswi kusema juu ya mtu mzima. Béatha alimnyamazisha.

"Amesema anachokijua," alimwambia binti yake. "Ulitaka aniapie kwa kisichoonekana kwake? Mtu asiyesema uongo hata kwa rafiki ndiye rafiki."

Aliamini hivyo. Katika maombi yake alimtaja Régine kwa jina, akamshukuru Mungu kwa ukweli wake. Jambo hilo baadaye lilikuja kumchoma kuliko ile chupa.

Uso ulipoanza kutoa maji, zahanati ilimwandikia barua ya kwenda hospitali Lilongwe, na kwa barua ile akapata kibali. Daktari alimtazama dakika mbili, akampa marhamu, akamwamuru aache mara moja alichokuwa akinawia. Béatha alitoka na chupa yake mkobani. Siku zote Régine alikuwa akilitaja lile duka la dawa, lile lenye mlango wa kijani karibu na kituo cha basi, basi Béatha akaona aende awaambie kwa upole kwamba sabuni yao mpya inaunguza watu.

Nyuma ya meza alikuwepo msichana wa Kimalawi mwenye miwani. Béatha alimsalimia kwa Kichewa alichojifunza sokoni, akaweka chupa mezani, akaeleza. Msichana alisikiliza mpaka mwisho. Akafungua kizibo, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Mayi, hii haikutoka kwetu," alisema, akimwita mama kwa Kichewa.

"Imetoka kwenu. Mmebadilisha, siyo?"

"Haijabadilishwa." Alichukua chupa rafuni, ndugu kabisa wa ile, akaitikisa kwenye mwanga. Ilikuwa angavu kama maji ya mvua, na mdomo wake umezibwa kwa karatasi ya fedha. "Hii yako ni krimu ya kung'arisha ngozi, imezimuliwa. Mtu ameijaza kwenye chupa tupu. Wanauza kwa kipimo, kutoka kwenye ndoo."

Béatha aliigeuza chupa yake. Hakuwa amewahi kuigeuza tangu iliporudi. Nani anatazama chini ya chupa? Msalaba wake ulikuwepo pale, na ile nukta ambapo siku ile sindano iliteleza.

Hii haikuwa chupa mpya. Ilikuwa ileile aliyoitoa tupu kwa mkono wake.

Alisimama akiishika, watu wakimpita kununua vidonge vyao. Hakufikiria uso. Alikuwa anasikia sauti ya Régine ikisema, *mi siwezi kujua ya ndani ya nyumba yake*, na sasa sauti hiyo ilikuwa na maana nyingine. Ulijua, alisema moyoni. Ulikuwa umekaa hatua tatu kutoka kwangu, na ulijua.

"Mayi, kaa kidogo," msichana alisema, akamletea stuli. Pengine alidhani ni kizunguzungu. Kisha, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akaendelea kumsaidia kuchagua. Alimshushia chupa mbili. "Hii ina harufu ya limau, iache. Chochote chenye harufu kiache, hata kama kimeandikwa ni cha watoto. Hii nyingine ni ileile uliyopewa mwanzo. Lakini uso wako sasa ni kidonda. Usinawe nayo leo. Weka tone moja nyuma ya sikio, ngoja mpaka kesho. Kukiwasha, irudishe. Kukinyamaza, anza taratibu."

"Nilidhani kuwasha ni dalili ya kupona," Béatha alisema.

"Nani amekuambia?"

"Dada yangu."

Msichana alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. "Mayi, ngozi yako haimjui dada yako. Ikisema inaungua, inaungua."

Siku iliyofuata, nyuma ya sikio palikuwa pamenyamaza. Béatha alinawa kwa maji ya baridi, akagusagusa kwa kitambaa, akavaa kitenge safi na kwenda kwa Régine. Alimkuta akikunja vitambaa mlangoni. Hakuketi. Aliweka zile chupa mbili juu ya kitambaa, ya maziwa na ya maji.

Régine alizitazama. Hakuuliza ni nini.

"Ngoja nielezee," alisema mwishowe.

"Elezea."

"Nilichelewa kule soko ya Biwi na mambo ya vitambaa. Basi ilikuwa inataka kuondoka. Kulikuwa mama mumoja na ndoo, anasema ni ya uso, bantu wote banapenda. Nikasema, uso ni uso. Ningerudia na chupa tupu, ungesema nini?"

"Ningesema pole na safari."

Régine akainamisha kichwa.

"Na ulijua lini?" Béatha aliuliza.

"Kujua nini?"

"Mama Cadeau."

Kwa jirani mtu alikuwa anatwanga.

"Siku ya tatu," Régine alisema. "Nilipoona uso inaanza kuachana na shingo."

"Siku ya tatu! Nami nimenawa wiki tatu. Jumatano mbili umenishika mkono tukaomba, unanitazama ninavyobanduka!"

"Niliogopa! We unajua ile Jumapili inakuja banataka kuniwekea mikono niwe shemasi. Shemasi mwenye analetea bantu mkorogo? Nilisema itaisha, utapona, hakuna mwenye atajua. Dada yangu, usinimalize. Ngoja tu Jumapili ipite, nitamwambia pasta yote. Minakuapia."

Béatha alimtazama usoni. Uso wa Régine ulikuwa mzuri, mweusi wa sawasawa, usio na hata chunusi. Sabuni yoyote ilimfaa. Aliona jinsi mwenzake alivyokuwa akihesabu siku, siyo makosa.

"Sitasema mimi," alimwambia. "Utasema wewe. Jumamosi kwenye kikao cha akina mama, kabla hawajakuwekea mikono. Usiposema, hapo ndipo nitakapofungua mdomo."

Akachukua chupa zake zote mbili. Njia nzima alitaka kulia, lakini machozi yana chumvi, na mashavu yake hayakuwa tayari.

Jumamosi alasiri walikusanyika tena, wale wale saba na pasta. Régine aliomba nafasi, akasimama. Alivaa kitambaa cheupe kichwani. Alilia kabla ya kuanza.

Alisimulia vizuri. Alisimulia Biwi, basi linalotaka kuondoka, yule mama na ndoo yake, na jinsi shetani anavyotumia haraka ya mtu. "Nilidanganywa," alisema. "Nami bila kujua nikamuletea dada yangu moto usoni. Mama Izere hana kosa. Hakujipaka kitu. Mi njo mwenye kosa, mi na ujinga yangu."

Akina mama walianza kulia naye. Mama Carelle aliinuka akamkumbatia Béatha kwa nguvu, akimwomba msamaha kwa yale ya bombani, na kwa kweli alikuwa anamaanisha. Mwingine akasema, "Mwenye kukiri hivi njo shemasi wa kweli!" Wengi wakaitika. Pasta Sindayigaya alifuta macho kwa leso.

"Mama Izere anarudi kwenye nafasi yake leo," alisema. "Jina lake ni safi. Sasa, Mama Izere, njoo. Mmekuwa dada miaka mingi. Umemsamehe?"

Béatha alisimama. Kila kitu alichokuwa amekiomba alikuwa amekipata: jina lake, nafasi yake, machozi ya watu. Alingoja moyo utulie, na haukutulia. *Bila kujua*, Régine alikuwa amesema. Mbele ya Mungu, na machozi usoni.

"Kwa sabuni nimemsamehe," alisema.

Watu wakasema amina.

"Kwa lile neno, bado hajaniomba."

Amina ya pili ikakatikia njiani. Pasta akakohoa. "Neno gani, mama?"

"Analijua. Mlimuuliza hapahapa, akawajibu hapahapa. Pasta, nikilisema mimi, nitakuwa namshitaki. Mimi sikuja kumshitaki. Aliseme mwenyewe."

Wote wakamgeukia Régine. Alikuwa bado amesimama, machozi yamekauka ghafla. Alimtazama Mama Carelle kama anayetafuta wa kumshika mkono, lakini Mama Carelle alikuwa amekunja uso, anakumbuka. Mtu alikumbuka, kisha mwingine. Ungeweza kuona neno likipita kwenye benchi kutoka kichwa hadi kichwa.

"Nilijua," Régine alisema. Sauti yake nzuri ilikuwa imebaki hewa tupu. "Siku ile nilikuwa ninajua."

Hakuna aliyelia sasa. Pasta Sindayigaya aliifunga Biblia yake, akaweka mikono juu yake. Kisha akasema kwamba ile ibada ya kesho ya kuwekea mikono itasubiri, na hakusema mpaka lini. Régine akaketi pembeni, mahali walipokaa wale wawili zamani, walipokuwa wamewekwa kando.

"Mama Izere," pasta alisema taratibu, "tufungie kwa maombi. Ni nafasi yako."

Béatha alifungua mdomo. Alikuwa amelitamani neno lile la Régine siku tatu nzima, akidhani likitoka atapona. Limetoka, na lilikuwa linaunguza vilevile. Alitafuta pa kuanzia, na kila sentensi aliyoifikia ilikuwa na Régine ndani yake.

"Leo siwezi," alisema. "Aombe mwingine. Mungu ananijua, hatanikasirikia."

Akaketi. Mama Carelle ndiye aliyejitolea, akaomba kwa sauti kubwa na kwa muda mrefu sana, akarudia wagonjwa mara mbili na kuwasahau wasafiri. Wote walifumba macho. Béatha peke yake hakufumba. Alikaa na mikono magotini, akimwangalia Régine upande wa pili wa benchi, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili hakujua mwenzake alikuwa anamwomba Mungu nini.